Kila mtu anasema "sawa bosi": jibu kwa mkurugenzi mkuu mpya

"Habari mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 42, nipo Dar es Salaam. Kampuni yetu inagomboa mizigo bandarini na kuisafirisha, tuna malori yetu wenyewe, mengi yanaenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma. Nilianzia kwenye kujaza nyaraka za forodha, nikapanda mpaka mkuu wa operesheni, na mwishoni mwa mwaka jana bosi wetu alipostaafu nikapewa ukurugenzi mkuu. Sasa naona nazama. Kila kitu kinaletwa kwangu, kontena likikwama napigiwa, lori likiharibika Tunduma saa nane usiku napigiwa. Kikao cha Jumatatu naongea peke yangu, nikiuliza nani ana maoni wote kimya, wanajibu sawa bosi, afu wiki mbili baadaye nagundua kulikuwa na tatizo kila mtu analijua isipokuwa mimi. Juzi hapa tumebebeshwa demereji, ile tozo ya makontena kukaa kupita muda, kwa mzigo wa mteja mkubwa kwa sababu nyaraka zilikaa kwenye meza ya mtu na hamna aliyesema. Mkuu wa fedha aliitaka hii nafasi, tangu niteuliwe tunaandikiana imeili tu na ofisi zetu zimepakana ukuta. Na Mzee mwenye kampuni anampigia meneja wa malori moja kwa moja kumpa maagizo, mimi naambiwa baadaye. Watu wananiambia niwe mkali, mume wangu anasema nikachukue MBA, mama mmoja kanisani kaniambia uongozi mtu anazaliwa nao tu. Nifanyeje?"

Dada yangu, hongera na pole, vyote viwili kwa mpigo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na naona umeweka maswali mengi ila chini yake kuna moja tu: mbona nilipokuwa mkuu wa operesheni nilikuwa najua kila kinachoendelea, na sasa nimekuwa mkubwa kuliko wote najua kidogo kuliko wote? Hilo ndo nitalijibu, mengine yatajibika njiani.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwa yule mama wa kanisani. Kuna watu wamejaliwa sauti, wakisimama mbele ukumbi unatulia, sawa, ila kuongea vizuri na kuongoza kampuni ni vitu viwili tofauti kabisa, nimefanya kazi na wakurugenzi wenye aibu ambao kampuni zao zinaenda vizuri tu na nimewaona wasemaji hodari ambao hesabu zao za mwisho wa mwaka zinatia huruma. Karibu kila kitu nitakachokwambia hapa chini ni tabia, na tabia inafundishika hata ukiwa na miaka 60.

Na ukali? Ukali utakupa kile kile unacholalamikia, yaani kimya, ila sasa kitakuwa kimya chenye woga ndani yake. Mtu aliyekaa na nyaraka mezani hakukwambia wakati hujawa mkali, ukishakuwa mkali atakwambia? Najua pia kwamba kwa mwanamke hii ni mtego wa pande mbili, ukiwa mpole wanasema hana maamuzi, ukipaza sauti wanasema mama ana hasira zake za nyumbani, na mwanaume akifanya vile vile anaitwa bosi mwenye msimamo. Sio haki na sitakudanganya kwamba itaisha mwaka huu. Ninachoshauri ni ukali uuhamishie kwenye tarehe na ahadi. Mtu akisema Alhamisi, Alhamisi saa nne unamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kila mara, bila kusahau, hiyo inauma kuliko kufokewa.

Sasa tuje kwenye chanzo. Wewe ulipandishwa kwa sababu ulikuwa unaijua kazi kuliko wote. Mwaka 2019 watafiti watatu wa Marekani, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walitoa utafiti juu ya wafanyakazi wa mauzo kwenye makampuni mengi, wakakuta wauzaji bora ndio wanaopewa umeneja mara nyingi zaidi, na hao hao wakishakuwa mameneja timu zao huwa zinafanya vibaya kuliko za mameneja ambao hawakuwa mastaa wa kuuza. Haimaanishi fundi mzuri hawezi kuongoza. Inamaanisha kile kilichokupandisha hakikusaidii tena, na wakati mwingine ndo kinachokuzuia, kwa sababu kila tatizo likija wewe jibu unalo tayari, unalitoa, linaisha, na yule aliyekuletea amejifunza kitu kimoja tu, kwamba akupigie tena kesho.

Na hapa nina swali dada, usinichukie. Umeandika kuhusu mkuu wa fedha, meneja wa malori, Mzee, mume, hata mama wa kanisani. Hujamtaja hata sehemu moja mkuu wa operesheni aliyekaa kwenye kiti chako cha zamani. Yupo? Kama hayupo basi unafanya kazi mbili na hakuna kozi duniani itakayokuokoa, ajiri au pandisha mtu haraka. Kama yupo na bado wewe ndo unapigiwa simu ya Tunduma saa nane usiku, basi hukumkabidhi kiti, ulimkabidhi meza. Wafanyakazi wanaliona hilo kabla yako, wanajua ruhusa ya kweli iko wapi.

Kuhusu kimya cha Jumatatu, kuna kisa huwa nawasimulia mabosi wote ninaofanya nao kazi. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, moja ya KLM moja ya Pan Am, wakafa watu 583. Ukungu ulikuwa mzito. Rubani mkuu wa KLM hakuwa mtu wa mchezo, ndiye aliyekuwa kiongozi wa mafunzo ya 747 kwenye shirika lake, yaani mwalimu wa walimu. Mwanzoni alipoanza kusukuma injini msaidizi wake alimkumbusha kwamba ruhusa bado. Kama dakika moja baadaye, ndege ikiwa imeanza kukimbia, mhandisi aliyekuwa nyuma yao akauliza, kwani yule wa Pan Am hajatoka njiani? Rubani akajibu katoka, kwa uhakika kabisa. Hamna aliyeuliza tena. Pan Am alikuwa bado yupo mbele yao.

Angalia vizuri, yule mhandisi hakuwa mjinga wala hakukosa taarifa, wasiwasi wake ulikuwa sahihi. Alichokosa ni namna ya kumbishia mtu anayejua kuliko yeye ambaye ameshajibu. Baada ya hapo watu wa anga wakaanza kubadilisha mafunzo, United Airlines wakaanza 1981 na wengine wakafuata, wakawa wanawafundisha wasaidizi kusema na kurudia kusema, na marubani wakuu wanafundishwa kusikiliza kama sehemu ya kazi. Hawakusubiri wapatikane marubani wenye roho nzuri, walibadilisha utaratibu wa chumba.

Chumba chako cha Jumatatu kikoje? Kwa jinsi ulivyoelezea unaingia, unatoa taarifa, unasema tutafanya hivi, halafu ndo unauliza nani ana maoni. Dada, hapo maoni yameshakufa. Anayeongea sasa hivi haongezi wazo, anampinga bosi mbele za watu, na sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa hadharani, hiyo ni heshima na wala sio ujinga. Ndo maana zile semina zinazokuja na maneno ya "waambie wafanyakazi wako wakupinge waziwazi" huku kwetu huwa hazifiki mbali, watu wanacheka wanapiga makofi na Jumatatu wanasema sawa bosi.

Kinachofanya kazi ni kuitumia heshima badala ya kupigana nayo. Mpe mtu kukupinga kama kazi uliyomtuma. Mwambie meneja wa nyaraka siku mbili kabla, "Jumatatu nataka uniletee sehemu tatu ambazo huu mpango wa mteja mpya utatukwamisha, nakutegemea." Akija nazo hakupingi, anakutii. Zungusha kazi hiyo kila wiki kwa mtu mwingine. Pili, wewe ongea mwisho, na wa kwanza kuongea awe mwenye cheo kidogo kuliko wote mezani, kwa sababu meneja akishasema karani hawezi kusema tofauti. Tatu, lile swali la "nani ana maoni" litupe kabisa, uliza "kitu gani wiki hii kinaweza kutuingiza kwenye demereji", swali lenye mfupa, mtu analijibu kwa kutaja kontena sio kwa kutoa hotuba. Na ukishauliza nyamaza. Kimya cha sekunde kumi kinachosha sana ukiwa bosi, utatamani ukijaze, usikijaze.

Ila hayo yote yanaweza kufutwa na dakika moja, nayo ni dakika ya kwanza mtu anapokuletea habari mbaya. Watu wa ofisi hawasomi sera, wanaangalia uso wako. Ile siku umegundua habari ya demereji ulifanya nini? Sijui, hukusema, ila nina hakika jikoni pale kwenye chai walijadili ulivyofanya na wakajifunza kitu. Next time swali la kwanza lisiwe "nani", liwe "taarifa ilikwama wapi". Mara nyingi utakuta mtu alisubiri saini, au alisubiri mteja alete kitu na akaona aibu kusema, au alimwambia mtu kwenye grupu la WhatsApp ikafunikwa na meseji za harambee ya harusi. Aliyesema mapema umshukuru mbele ya wenzake hata kama kosa ni lake. Aliyeficha huyo ndo uongee naye kwa uzito, ofisini kwako, mlango umefungwa.

Na hapa nikuandae kwa kitu kitakachokushangaza. Ukianza kufanya haya vizuri matatizo yataonekana yameongezeka. Profesa Amy Edmondson wa Harvard alipokuwa anachunguza timu za hospitali alitegemea timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta timu zinazofanya kazi vizuri pamoja ndizo zimeripoti makosa mengi zaidi, na alipochimba akaona tofauti kubwa ni kwamba kule watu wanathubutu kusema. Kwa hiyo miezi ya mwanzo meza yako itajaa habari mbaya na utasema huyu mshauri kaniharibia kampuni. Subiri. Yalikuwepo siku zote.

Twende kwenye simu za usiku. Chukua karatasi moja, moja tu, isiwe kitabu cha sera, andika maamuzi ambayo watu wafanye bila kukuuliza wala kukwambia, yale wafanye halafu wakwambie kesho yake, na yale ambayo lazima wakuamshe. Kuamshwa uamshwe ajali yenye majeruhi, mzigo umeshikiliwa na TRA au dereva amekamatwa mpakani, mteja mkubwa anataka kuondoka. Lori kuharibika Tunduma sio la kukuamsha wewe, weka kiwango cha fedha ambacho meneja wa malori anaweza kuidhinisha matengenezo mwenyewe, juu ya hapo anampigia mkuu wa operesheni, na hicho kiwango kiwe kikubwa kidogo kuliko unavyojisikia raha nacho. Mtu akikupigia kwa jambo lililo chini ya kiwango muulize "wewe ungefanyaje?", akijibu kitu cha kueleweka mwambie fanya. Hata kama wewe ungefanya vizuri zaidi. Hii itakugharimu hela, nakwambia mapema ili usije ukashtuka, kuna spea itanunuliwa ghali na kuna dereva atalala mpakani siku ambayo hakupaswa, hiyo ni ada, na mimi naiona ni ndogo kuliko ada ya chuo.

Mkuu wa fedha. Hapa wengi wanakosea kwa kusubiri hasira zipoe zenyewe. Hazipoi, zinaganda. Nyanyuka uende ofisini kwake, usimwite kwako, na ulitaje jambo kwa jina lake: "Najua uliitaka hii nafasi na ulikuwa na haki ya kuitaka. Mimi sikuiomba ili nikushinde. Nakuhitaji kwenye hii kazi, na nataka kujua wewe unahitaji nini ili ubaki na ufanye kazi na mimi." Halafu sikiliza, na usiahidi usichoweza kutoa. Anaweza kulainika, anaweza kukwambia anatafuta kazi kwingine, zote ni bora kuliko imeili za ukuta kwa ukuta. Akiendelea kukuzuia taarifa za fedha baada ya hapo, hilo sasa ni suala la utendaji, liwekwe kwenye maandishi kwa tarehe na mifano. Usije ukamfukuza kwa hasira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, ukiruka kimoja mtakutana CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na utakuwa umempa ushindi mezani.

Mzee ndo mtihani wenyewe, na hili vitabu vingi havilisemi kwa sababu vimeandikwa kwa makampuni ambayo mwenye mali ni maelfu ya watu wenye hisa. Mwenye kampuni aliyeijenga kwa mikono yake akimpigia meneja wa malori, mara nyingi wala hana nia ya kukudharau. Ana njaa ya habari. Alizoea kujua kila lori liko wapi, sasa hajui, anapata wasiwasi, anashika simu. Ukimkataza meneja asipokee simu umemweka kijana wa watu kati ya mafahali wawili, hawezi kumkatalia mwenye mali na hatakuambia tena akipigiwa. Dawa ni kumshibisha Mzee kabla hajasikia njaa. Kila asubuhi saa moja na nusu mpigie wewe, dakika tano, malori yako wapi, kontena ngapi zimetoka, kuna moto gani leo. Najua unaona ni kazi ya ukarani kwa mkurugenzi mkuu, ila jaribu uone simu zake zitakavyopungua.

Akishatulia ndo uombe kikao naye, ninyi wawili, na uombe kitu kimoja tu: "Mzee, uliza chochote kwa yeyote, kampuni ni yako. Ila agizo likipita kwangu nitalibeba na nitawajibika nalo, lisipopita kwangu siwezi kukujibu likiharibika." Wazee wengi wanalielewa hilo la kuwajibika. Na meneja wa malori umwambie, Mzee akikuagiza mwambie ndiyo mzee, ngoja nimjulishe mkurugenzi, na unijulishe muda huo huo. Kama mna bodi mwenyekiti wa bodi anaweza kusaidia, kama hakuna tafuta mtu anayemsikia, rafiki yake wa zamani au hata yule bosi aliyestaafu. Na kama baada ya kujaribu kwa heshima kwa miezi kadhaa bado kila agizo linakupita, basi nikwambie ukweli, umepewa cheo hujapewa kazi, na hapo swali linakuwa kama unataka kubaki.

MBA sasa. Mumeo hajakosea ila muda sio huu. Kusoma ESAMI pale Arusha, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Strathmore Nairobi, kutakupa hesabu, mikakati na watu wa kuwajua, na hao watu ni faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hakutakupa mtu wa kukwambia kontena limekwama. Na mwaka wako wa kwanza ukianza kukimbilia darasani jioni na wikiendi, muda utautoa kwa hao hao watu ambao hawaongei na wewe. Ningekuwa wewe ningechukua kozi fupi ya kusoma taarifa za fedha, haraka, kwa sababu hivi sasa unategemea namba kutoka kwa mtu ambaye hamsalimiani na hiyo inanitisha kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako. Chama cha Waajiri, ATE, nao wana programu ya uongozi kwa wanawake, Female Future, ulizia, pale utakutana na wanawake wenye mitihani kama yako na utajua hujarogwa.

Kocha wa uongozi anaweza kukusaidia ila kuwa macho, hii fani yetu yeyote anaamka asubuhi anajiita kocha. Mkatae anayekuahidi matokeo, mkatae anayetaka kukutana hotelini tu, chukua anayekubali kukaa kimya kwenye kikao chako cha Jumatatu na kukwambia baadaye alichokiona. Mtu aliyestaafu ukurugenzi kwenye kampuni nyingine ni bure na mara nyingi ni bora zaidi, mnywe kahawa mara moja kwa mwezi. Bosi wako aliyestaafu mtumie kwa historia ya kampuni, siri zako usimpe, bado yuko karibu na Mzee.

Kuna mambo ambayo kuandikiana hivi hakutoshi. Ukiona hulali hata usiku ambao simu haijalia, moyo unakwenda mbio, presha imepanda, unalia kwenye gari kabla ya kuingia ofisini au umeanza kutafuta glasi ya pili na ya tatu ili upate usingizi, nenda hospitali ukaonane na daktari wiki hii, usingoje likizo. Suala la mkuu wa fedha likifika kwenye barua za onyo, kaa na mwanasheria wa mambo ya kazi kabla ya barua ya kwanza na sio baada ya ya mwisho. Na la tatu, ambalo nimeliacha mpaka hapa kwa makusudi: kwenye biashara ya malori na forodha kuna kimya cha heshima na kuna kimya cha wizi, mafuta yananyonywa njiani, risiti za matengenezo zinapikwa, nyaraka "zinakaa mezani" mpaka mteja atoe kitu kidogo. Kama watu wameanza kuongea na bado sehemu moja ya ofisi imebaki giza, usijifanye polisi wala usimhoji mtu peke yako, leta mkaguzi wa nje. Na Mzee umwambie kabla mkaguzi hajaingia getini.